Kilele cha Riwaya ya Kutisha: Mlango, Komeo na Neno Lisilowahi Kusemwa

Riwaya ya kutisha ikiharibika, mara nyingi huharibikia mahali pamoja. Kurasa 250 zimekwenda vizuri, msomaji anaogopa hata kuzima taa, kisha mhusika mkuu anakutana uso kwa uso na kile kilichokuwa kikimwandama, na hofu yote inayeyuka. Upepo unavuma, vioo vinapasuka, mhusika anakumbuka maneno fulani aliyofundishwa utotoni, anayatamka, kiumbe kinapiga ukelele na kutoweka. Msomaji anafunga kitabu akijiuliza: kumbe ilikuwa rahisi hivyo?

Vitisho havikupungua hapo. Kilichoharibu ni kwamba yale maneno ya utotoni yametajwa kwa mara ya kwanza katika sura ileile yanapohitajika. Kosa hilo huudhi katika hadithi yoyote, lakini katika hadithi ya mizimu huua kabisa, kwa sababu mwandishi wa mizimu ameshaomba kuaminiwa sana. Msomaji amekubali kwamba wafu wanaita. Akigundua sasa kwamba mwandishi anaweza kuzua lolote wakati wowote, hana tena sababu ya kumhofia mhusika. Hofu inataka mipaka. Kiumbe kinachoweza kila kitu hakitishi kwa muda mrefu, maana hakuna cha kupigania. Kinachotisha ni kile tunachojua kinaweza nini na hakiwezi nini, halafu tunamwona mhusika akisogea taratibu upande ule kinakoweza.

Kwa hiyo kanuni ninayoishikilia kuliko zote ni hii: hadithi ikifika kileleni, msomaji awe ameshakijua kiumbe, abaki kungoja uamuzi wa mhusika tu.

Tuchukue mfano mmoja tuubebe hadi mwisho. Kuna nyumba ambayo usiku kitu huita kutoka nje ya mlango. Hakina sauti yake chenyewe. Hurudia tu sentensi zilizowahi kusemwa ndani ya nyumba ile, kwa sauti ya aliyezisema, na kikohozi chake na pumzi zake, kama kaseti. Hakiwezi kuondoa komeo. Kikikuta mlango haujakomewa, huingia na kuchukua mtu. Neema na mdogo wake Daudi walimpoteza mama yao namna hiyo walipokuwa watoto, na kila mtu anaamini komeo lilikuwa limechakaa. Ukweli ni kwamba Neema, akiwa na miaka 9, alitoka kidogo usiku ule, akarudi, akasahau komeo. Hajamwambia mtu. Miaka 20 baadaye wamerudi, giza limeingia Daudi akiwa nje, na sasa sauti yake iko mlangoni inaomba kufunguliwa.

Je, ni Daudi au ni kile? Swali hilo peke yake linatoa taharuki ya kurasa tano. Bado halijatoa kilele. Mwandishi mwenye haraka angemfanya Neema achungulie dirishani, au afungue kwa kubahatisha, na kubahatisha si uamuzi. Kilele kinazaliwa pale udhaifu wa kiumbe na jeraha la mhusika vinapokutana katika tendo moja. Kiumbe hiki hakina jibu kwa jambo ambalo halijawahi kuzungumzwa ndani ya nyumba. Na ndani ya nyumba ile kuna jambo moja tu ambalo halijawahi kuzungumzwa: nani aliacha komeo wazi. Neema akitaka kumjua ndugu yake, lazima alitamke.

Namna ya kulitafuta tendo hilo ni nyepesi kuielezea, ingawa inaweza kula wiki nzima. Chukua karatasi, uigawe kwa mstari katikati. Upande mmoja andika kila kitu ambacho kiumbe hakiwezi. Upande wa pili andika kila kitu ambacho mhusika mkuu hathubutu kufanya au kusema. Kisha tafuta tendo linaloweza kukaa pande zote mbili. Ukikosa, badilisha kiumbe, usiguse mhusika. Kiumbe ni rahisi kukitengeneza upya: sheria moja, sura tatu au nne za kurekebisha. Mhusika ukimbadilisha, utaandika kitabu kizima tena.

Fanya kazi hii mapema. Wengi hungoja wafike sura ya 25 ndipo wajiulize kitabu kinaishaje, na wakati huo sheria zimeshatawanyika. Mimi naona wakati mzuri ni baada ya kuandika theluthi moja ya rasimu ya kwanza: wahusika wameanza kuwa na sauti zao, lakini kuta bado zinaweza kusogezwa. Andika kilele hapo, kibovu, maneno 1,500 hivi, mazungumzo matupu kama hujapata zaidi. Kisha rudi nyuma ukipande.

Kupanda sheria kunataka angalau mara tatu, na kila mara kwa kazi tofauti. Katika kitabu cha sura 30, ningeanza sura ya 4: Neema anasikia sauti ya marehemu mama yake, “Neema, njoo unishikie,” na kikohozi kidogo kati ya jina na neno linalofuata. Sura ya 9 anaisikia tena, kikohozi kiko palepale. Hakuna anayeeleza kitu. Msomaji anajikuna kichwa mwenyewe, na sheria aliyoigundua mwenyewe ndiyo anayoiamini. Sura ya 13 sheria inatoza gharama: mgeni anafungua mlango kwa sauti anayoipenda, na asubuhi kimebaki kiatu kimoja kizingitini. Sura ya 19 Neema anajaribu kuitumia. Anauliza swali kupitia mlangoni, na kwa bahati mbaya sentensi ya zamani inajibu vizuri kabisa. Anakaribia kuangamia. Hapo msomaji anajifunza jambo la mwisho: swali la kawaida halitoshi, maana nyumba imesikia karibu maneno yote ya kawaida. Baada ya robo tatu ya kitabu, sura ya 22 hivi, usiongeze sheria hata moja.

Hii mara ya tatu, jaribio linaloshindikana, ndiyo inayorukwa sana. Bila hiyo, msomaji anafika kileleni akiwa na suluhisho mkononi kabla ya mhusika, na anakaa kumsubiri. Msomaji anayemsubiri mhusika ameshachoka.

Halafu kuna mianya. Kila sheria ina mwanya, na msomaji ataupata. Mpe mtu karatasi yenye sheria zako tu, bila hadithi, umwambie: wewe ndiye kiumbe, shinda. Kisha umwambie: sasa wewe ni Neema, okoka bila kuumia. Katika mfano wetu atauliza mambo manne bila kukawia. Kwa nini asichungulie dirishani? Kwa nini asisubiri kuche? Kwa nini asimpigie Daudi simu? Na je, kiumbe hakiwezi kuchukua neno moja hapa, jingine pale, kikaunga sentensi mpya?

La simu limeharibu vilele vingi, na dawa inayotumiwa mno, mtandao kukatika ghafla, ni mbaya kuliko ugonjwa. Simu iondoke kwa sababu ya tabia ya mtu, na iondoke mapema. Daudi ameonekana tangu sura ya 3 akisahau simu kwenye chaji. Kileleni Neema anapiga, na simu inaita mezani nyuma yake. Udhaifu wa hadithi umegeuka kuwa kitisho. La kusubiri kuche lifungwe kwa kumjeruhi Daudi: ametoka na mguu unaovuja damu, saa haziko upande wake. La dirisha lifungwe kwa ramani ya nyumba, nayo ionekane kabla ya sura ya 10, kwa mfano mtu anapojaribu kumtazama mgeni mlangoni na nguzo ya baraza ikamkinga. La kuunga maneno limeshafungwa na kikohozi: sentensi hurudi nzima, na kovu zake.

Anayedhani haya ni mambo madogo amtazame Bram Stoker. Katika Dracula, riwaya yake ya mfu anayenyonya damu iliyotoka mwaka 1897, kitabu kinafundisha kwa uzito kwamba kiumbe huyo huuawa kwa kigingi cha moyoni na kukatwa kichwa. Kisha kileleni, jua likikaribia kuzama, Count Dracula, kiumbe mwenyewe, anauawa kwa visu viwili, kimoja kooni na kingine kifuani, na mwili unageuka vumbi. Mbio zile za kushindana na machweo zimeandikwa kwa ustadi mkubwa, lakini kwa sababu silaha siyo ile tuliyofundishwa, wapo wasomaji ambao mpaka leo wanabishana kama kweli alikufa. Kuna la pili la kujifunza kwake. Mswada wake wa taipureta ulikuwa na aya ambamo ngome nzima inaporomoka baada ya kifo hicho. Kitabuni aya hiyo haimo. Ngome imesimama kimya dhidi ya anga jekundu. Uondoaji ule ulikuwa sahihi. Kifo cha kiumbe kimeshafunga hadithi, na mlipuko baada yake ungeiba macho ya msomaji kutoka kwa Quincey Morris, mmoja wa waliomwinda, anayekufa pale pale kwenye theluji.

Sasa vipimo. Kwa riwaya ya maneno 80,000, mfululizo mzima wa kilele, tangu mlango wa nyuma unapofungwa hadi pumzi ya kwanza ya salama, unakaa vizuri kati ya maneno 6,000 na 9,000. Makabiliano yenyewe, 1,500 hadi 2,000. Ile nukta ya uamuzi, kidole kikiwa kwenye komeo, isizidi maneno 300, na ndani ya hayo usiweke kumbukumbu ya zamani hata ya mstari mmoja. Kumbukumbu zote ziwe zimeshamalizika sura moja kabla. Mwandishi anayemrudisha mhusika utotoni wakati huo hudhani anaongeza uzito, kumbe anamfungulia msomaji mlango wa kutokea.

Swali la kuonyesha au kutoonyesha kiumbe linaumiza watu vichwa bila sababu. Katika “The Monkey's Paw” ya W. W. Jacobs, ya mwaka 1902, wazazi wenye kiganja cha nyani kinachotimiza matakwa matatu wanamtamani mwana wao, aliyenaswa na mashine akafa siku 10 zilizopita, arudi, na mlango unaanza kugongwa. Mama anahangaika na komeo la juu asilolifikia. Baba anapapasa sakafuni akitafuta kile kiganja cha nyani atamani kwa mara ya mwisho. Mlango unapofunguliwa, barabara ni tupu. Hatuoni kitu, na bado tumeona kila kitu, kwa sababu kabla ya hapo baba alikwisha kusema kwamba mwili uliotoka kwenye mashine aliutambua kwa nguo tu. Kuficha peke yake hakutishi. Kuficha baada ya kumpa msomaji vipande vitatu vya kujengea sura, huko ndiko kunakotisha. Ukiamua kuonyesha, onyesha kiungo kimoja kwa sekunde moja, nacho kiwe kiungo tulichowahi kukiona kikiwa cha kawaida.

Kwa hiyo mimi ningebaki ndani na Neema muda wote, nisitoke nje hata kwa nusu ukurasa. Ukimwonyesha msomaji Daudi akiwa barazani, umelimaliza swali. Ukimwonyesha kiumbe, vilevile.

Lugha yetu inatoa silaha hapa ambayo naona inatumika kidogo mno. Upatanisho wa kisarufi unaweza kubeba hofu. Kitabu kizima kile kitu ni ki-: kinaita, kilisimama, hakikujibu. Sauti ya Daudi inapoanza, mwandishi lazima achague: kiliita au aliita? Herufi mbili zinaamua kama nje kuna ndugu au kuna maangamizi. Suluhisho ni kuikwepa nafsi kabisa kwa ukurasa mzima, uiache sauti yenyewe itende: sauti ikaita, sauti ikanyamaza. Kisha, pale Neema anapojua, andika kwa mara ya kwanza “akajibu”. Msomaji makini atasikia kishindo cha ile a- kabla hajaelewa kwa nini.

Upande wa pili wa shilingi ni kwamba a- yetu haina jinsia na haimtaji mtu. “Akamshika, akamsukuma, akaanguka”: nani kamshika nani? Watu watatu wakigombana gizani, aya inakuwa ukungu. Rudisha majina, hata kama yanajirudia. Bora jina mara nne katika aya kuliko msomaji kurudi nyuma kuhesabu mikono.

Na -ka-. Mfululizo wa akafungua, akatoka, akakimbia unaleta kasi, ndiyo, lakini ukipita vitenzi vinne au vitano unageuka ngoma ya mdundo mmoja na kasi inakufa. Kata kwa sentensi isiyo na tendo. Mlango ulikuwa wa mninga. Kisha endelea. Kilele hakiendi mbio wakati wote. Nukta ya hatari kubwa ndiyo inayopaswa kwenda polepole kuliko zote, na vitu vidogo vionekane kwa ukaribu: kutu, umande, ukucha.

Rasimu ya kwanza ya nukta hiyo huwa hivi:

“Ghafla Neema alisikia sauti ya kutisha. Alihisi hofu kuu ikimtambaa mwilini. Moyo ulimdunda kwa kasi. Aliona komeo likitikisika, akajua wakati wa kuamua umefika.”

Futa alisikia, alihisi, aliona, akajua. Vitenzi hivyo vinamweka Neema kati ya msomaji na mlango. Futa ghafla, ikiwa jambo ni la ghafla, liandike bila kubisha hodi. Futa kutisha, maana hiyo ni kazi ya msomaji. Linabaki komeo. Anzia hapo:

“‘Dada, fungua. Kuna baridi.’

Komeo lilikuwa na umande. Neema aliliwekea kidole kimoja, kutu ikamng'ang'ania ngozi.

‘Dada, fungua.’ Kimya. ‘Kuna baridi.’

Mara ya kwanza hapakuwa na kimya katikati.

Neema alikaza kidole asije akakisogeza. ‘Daudi,’ alisema, na sauti yake ikamtoka kama ya mtoto. ‘Komeo halikuwa bovu. Mimi ndiye niliyeliacha wazi.’

Nje, hakuna kitu. Nzi mmoja alitembea juu ya ubao, akasimama.

‘Najua.’

Neno hilo nyumba ilikuwa nalo. Neema hakufungua.

‘Nilikuwa macho,’ akajibu Daudi. ‘Nilikuona ukirudi kitandani na miguu yako imelowa. Fungua, dada.’”

Angalia kinachofanya kazi. Pumziko jipya ndilo dalili ya kwanza, na msomaji aliyeshika kikohozi cha sura ya 4 anaruka kitini kabla ya Neema. “Najua” ni mtego: ni jibu sahihi, ila ni neno ambalo watu husema kila siku, na sura ya 19 imetufundisha kutoliamini. Miguu iliyolowa ndiyo inayofungua mlango, kwa sababu hakuna aliyewahi kuitaja. Wakati huohuo siri ya pili imefichuka: mdogo wake amejua miaka 20 na akanyamaza. Hiyo haikuwa sheria ya kiumbe, kwa hiyo inaruhusiwa kuja mpya. Mshangao kileleni utoke kwa binadamu.

Ukiisoma kwa sauti utagundua kama “akajibu” imekaa mapema mno. Ikikaa kwenye “Najua”, kila kitu kimeharibika.

Gharama nayo iwe kubwa, na itoke kwenye sheria ileile. Neema ametamka siri yake ndani ya nyumba. Maana yake sasa kile kinayo, kwa sauti yake, na mtetemo wake wa kitoto. Hakuna haja ya kumuua Daudi ili kilele kiwe na uzito; waandishi wengi humwaga damu hapa kwa sababu hawakuandaa malipo mengine. Wala usimrejeshe kiumbe aliyeshindwa kwa mkono mmoja unaochomoza ardhini ukurasa wa mwisho. Kiumbe hiki hakikushindwa, kimenyimwa tu usiku mmoja, na msomaji analijua hilo bila kuambiwa.

Jambo moja liamuliwe kabla ya sura ya kwanza, nalo ni kama kiumbe kipo kweli. Muhammed Said Abdulla katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960, anaiacha hofu ya mzimu itande juu ya maiti, kisha mpelelezi wake, Bwana Msa, anafuata nyayo za binadamu. Njia hiyo ni halali kwa sababu kitabu ni cha upelelezi tangu mwanzo. Kisicho halali ni kumtisha msomaji kurasa 280 kwa mzimu, halafu kumwambia mhusika alikuwa anaota au alikuwa na homa. Hakuna uhariri unaoweza kuuponya mwisho wa namna hiyo.

Mshuko baada ya kilele ni mfupi: maneno 1,500, yakizidi sana 2,500. Jibu nani yu hai, nini kimelipwa, na watu hawa wawili wanatazamanaje asubuhi. Asili ya kiumbe usiieleze. Kilitoka wapi, nani alikileta, nyumba ilijengwa juu ya nini, yote hayo kama hayakuhitajika kabla ya mlango kufunguliwa hayahitajiki baada yake.

Kwa mfano wetu, wiki moja baadaye wanarudi mchana kuchukua mizigo. Daudi anachechemea. Jua linashuka kabla hawajamaliza, wanaliacha kabati, wanafunga mlango. Wakiwa kwenye njia, nyuma yao, kwenye baraza tupu, sauti ya Neema inasema komeo halikuwa bovu. Daudi anamshika dada yake mkono, na hakuna kati yao anayegeuka.